Taa ya Tangi la Matumbawe: Ni Nuru Kiasi Gani Inalifikia Tumbawe?

Kwenye boksi la taa ya tangi la matumbawe huandikwa namba chungu nzima: wati, lumeni, kelvini, na siku hizi pia mchoro wenye vilima vya buluu na zambarau. Mnunuzi huzisoma, akaupima mfuko wake, akaondoka na yenye wati nyingi. Baada ya muda Acropora zake, yale matumbawe magumu yenye matawi, zimegeuka kahawia, au zimepauka nyeupe pe, naye anarudi dukani kulaumu taa. Mara nyingi taa haina kosa. Wati ni umeme unaoingia kwenye taa. Lumeni ni nuru iliyopimwa kwa kadiri ya jicho la binadamu. Kelvini ni rangi ya weupe wa taa, nayo pia ni habari ya jicho. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayosema nuru kiasi gani imelifikia tumbawe lililokaa juu ya jiwe, sentimita 30 chini ya maji. Na hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya kutoa pesa.

Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya seli za utando wake wa ndani amefuga mwani wa chembe moja, kiasi cha milioni moja au zaidi kwa kila sentimita ya mraba. Mwani huo hufanya usanisinuru mchana kutwa na kumpa mwenyeji wake sukari na mafuta. Kwa matumbawe ya maji mafupi yenye jua la kutosha, chakula hicho kinaweza kufikia asilimia 90 ya nishati anayohitaji mnyama. Mwenyeji naye huupa mwani makazi, kaboni dioksidi na taka zenye naitrojeni ambazo mwani unazitumia kama mbolea. Kuwalisha matumbawe kwa chakula cha unga au vidudu vidogo ni jambo jema, ila kwa aina nyingi chakula kikuu kinatoka juu, kwenye taa.

Mwani wenyewe una rangi ya kahawia. Nuru ikiwa haba, mwani na rangi zake za kunasia nuru huongezeka ili kukamata kidogo kinachopatikana, na tumbawe zima linakuwa kahawia. Nuru ikizidi kuliko mitambo ya usanisinuru inavyoweza kuhimili, ndani ya seli huzalishwa oksijeni ya aina kali inayounguza, na mwisho mnyama hupoteza mwani wake. Kinachobaki ni nyama angavu na mifupa meupe inayoonekana kupitia humo. Ndicho kilichotokea mwaka 1998 kwenye miamba ya Kenya na Tanzania, El Niño ilipoyapasha maji moto: joto lilidhoofisha mitambo, na jua lilelile la kila siku likageuka kuwa kali mno. Joto na nuru hufanya kazi pamoja, na katika tangi ni vivyo hivyo.

Kuhesabu fotoni

Usanisinuru huendeshwa na fotoni zenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 400 na 700. Idadi ya fotoni hizo zinazotua mahali fulani ndiyo kipimo kinachoitwa PAR, na huandikwa kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa kila sekunde. Kizio hicho kinachosha ulimi, kwa hiyo wafugaji husema tu "PAR mia mbili" wakaelewana. Jua la utosini katika nchi za tropiki, mbingu ikiwa safi, hutoa karibu 2,000 juu ya uso wa maji.

Tofauti ya PAR na lumeni si ya kitaaluma tu. Jicho letu huona vizuri zaidi nuru ya kijani-njano, karibu na nanomita 555. Kwenye nanomita 450, buluu iliyoiva ambayo mwani wa matumbawe unaifaidi sana, jicho ni dhaifu mno. Taa ya buluu inayoonekana hafifu sebuleni inaweza kuwa inalishibisha tumbawe vizuri, na taa nyeupe ya jikoni inayoumiza macho isifanye mengi. Ndiyo maana kipimo cha luksi, kile cha bei nafuu wanachotumia wapiga picha, kinapotosha kabisa chini ya taa za buluu.

Kutokana na uzoefu wa miaka mingi wa wafugaji, matumbawe ya uyoga kama Discosoma hutulia kwenye PAR 50 hadi 100. Matumbawe laini kama Sarcophyton, pamoja na Zoanthus na yale yenye mikono mirefu inayopepea kama Euphyllia, huridhika na 80 hadi 150. Montipora hupenda 150 hadi 250. Acropora, ambayo ndiyo ndoto ya wengi na msiba wa wengi, huwekwa kwenye 250 hadi 350, na chaza wakubwa wa jenasi Tridacna, ambao tunao pia kwenye miamba ya pwani yetu, wanataka hivyohivyo au kupita kidogo. Hizi si sheria. Kipande cha Acropora kilichokulia kwenye shamba lenye PAR 200 hakijui kwamba kitabu kinasema 350.

Mbona baharini ni zaidi?

Hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Kwenye maji safi ya mwamba, mita 10 kwenda chini, bado inabaki kama theluthi moja hadi nusu ya nuru ya juu. Yaani mchana PAR inaweza kuwa 700 au zaidi, na Acropora zinaishi hapo kwa raha. Kwa nini basi tangini 300 zitoshe, na 700 ziue?

Jibu la kwanza liko kwenye saa. Nuru ya baharini haikai mahali pamoja. Alfajiri ni sifuri, inapanda taratibu, inafika kilele, inashuka. Katikati mawingu yanapita, jua linainama, mawimbi yanaitawanya. Kwetu kuna na maji kujaa na kupwa. Zanzibar au Mombasa wakati wa bamvua tofauti ya maji makuu na maji madogo hufikia karibu mita nne, kwa hiyo tumbawe lilelile la pwani asubuhi linaweza kuwa karibu na uso wa maji na jioni likawa chini sana. Taa ya tangi haina desturi hizo. Mtu anaiweka kwenye 300 saa tatu asubuhi, na mpaka saa kumi na mbili jioni ni 300 tu.

Ukali wa mvua na maji yaliyojaa kwenye pipa ni vitu viwili, na kwa nuru ni hivyohivyo: PAR ni ukali wa mvua, na jumla ya siku ndiyo maji ya pipani. Hesabu yake ni rahisi. PAR 300 kwa saa tisa ni 300 mara sekunde 32,400, karibu moli 9.7 za fotoni kwa mita ya mraba. Baharini, siku isiyo na wingu yenye kilele cha 800, jumla inafika kwenye moli 22 hivi. Kwa hiyo tangi linabaki nyuma, ila si kwa pengo linaloonekana ukilinganisha vilele peke yake. Faida ya hesabu hii ni kwamba inakupa njia mbili za kurekebisha: kuongeza nguvu au kuongeza saa. Moli 9 zinapatikana kwa PAR 350 ndani ya saa saba na dakika chache, au kwa PAR 250 ndani ya saa kumi. Mwenye taa dhaifu anaweza kufidia kwa kuiwasha muda mrefu zaidi, ilimradi matumbawe yapate usiku wao.

Jibu la pili liko kwenye mwani wenyewe. Ukichora usanisinuru dhidi ya PAR, mstari unapanda vizuri mwanzoni, kisha unaanza kulala, kisha unakuwa bapa. Kutoka hapo kila fotoni ya ziada haiongezi chakula, inaongeza kazi ya kuitupa nje kama joto. Kwa matumbawe mengi ya tangini goti la mstari huo linapatikana mahali fulani kati ya 200 na 400. Baharini mnyama anapita juu ya goti kwa saa chache za mchana, akiwa na mkondo wa maji unaomsafisha na kumpoza, na amezoea tangu akiwa mdogo. Tangini ukimweka juu ya goti kwa saa kumi mfululizo, mkondo hafifu, maji yenye nyuzi 28, umemweka kwenye mashaka.

Kuna na gharama ambayo muuzaji haitaji. Tumbawe gumu hujenga mifupa kwa kasi zaidi likiwa kwenye nuru, na mifupa hiyo hutoka kwenye kalsiamu na alkalini ya maji. Ukibadilisha taa ukaweka yenye nguvu, wiki chache baadaye utakuta alkalini inashuka haraka kuliko ulivyozoea. Asiyepima maji yake atasema taa mpya imeharibu tangi, kumbe matumbawe yamekula kuliko alivyoyaandalia. Na kama naitreti na fosfeti, mbolea za mwani, zimefikia sifuri kwa sababu ya usafi uliopitiliza, nuru kali huunguza ncha za matawi hata kama PAR iko ndani ya kiwango.

Buluu, kelvini na maonyesho ya dukani

Maji ya bahari hula nyekundu kwanza. Katika mita chache za mwanzo sehemu kubwa ya nyekundu imekwisha, kisha rangi ya machungwa, kisha njano. Buluu ndiyo inayosafiri mbali. Mwani wa matumbawe umejipanga kulingana na hali hiyo: una klorofili a na c, pamoja na rangi iitwayo peridinini, na zote tatu hunasa nuru ya buluu na ya buluu-kijani kwa nguvu. Nyekundu nayo hutumika, ila haihitajiki nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu tumbawe Stylophora pistillata ulionyesha kwamba nyekundu ikitawala, tumbawe hudhoofika badala ya kunenepa. Chaneli nyekundu na ya kijani kwenye taa za LED zipo zaidi kwa ajili ya macho yako, ziweke chini.

Kelvini ilikuwa na maana zaidi enzi za taa za halaidi, zile zenye balbu kali moja ya wati 150, 250 au 400. Wafugaji wa Marekani na Ulaya walibishana miaka na miaka: balbu ya kelvini 6,500 yenye manjano, au ya 20,000 yenye buluu? Sanjay Joshi, profesa wa uhandisi katika chuo kikuu cha Penn State na mfugaji wa matumbawe mwenyewe, alikaa akapima balbu moja baada ya nyingine na kuyachapisha matokeo. Kwa jumla balbu za kelvini ndogo zilitoa PAR zaidi kwa wati zilezile, na za buluu zilitoa kidogo lakini zikapendeza. Somo lililobaki ni kwamba balbu mbili zenye wati sawa na kelvini sawa kutoka viwanda viwili zinaweza kutofautiana sana. Kwa LED kelvini karibu haina kazi kabisa, maana rangi unaichanganya mwenyewe kwenye simu.

Na rangi zile za kung'aa? Matumbawe mengi yana protini zinazopokea buluu na kuirudisha ikiwa kijani, njano au nyekundu. Protini ya kwanza ya jamii hiyo ilitengwa na mwanasayansi Osamu Shimomura mwaka 1962 kutoka kwa kiwavi wa baharini, yule konyeza anayeitwa Aequorea victoria. Za jamii ya matumbawe zilitangazwa na wanasayansi wa Moscow mwaka 1999. Nuru ya karibu nanomita 450 ndiyo inayoziamsha. Muuzaji anajua hilo. Ndiyo maana maduka mengi yamezamishwa kwenye buluu tupu, na kila kipande kinawaka. Ukinunua chini ya nuru hiyo, umwombe muuzaji awashe nyeupe kwa dakika moja kabla hujalipa. Akikataa, nenda kwingine.

Mimi binafsi napenda tangi lenye weupe wa kutosha kuonyesha samaki katika rangi zao, na buluu tupu kwa saa moja tu jioni. Hilo ni suala la ladha, na tumbawe halina kura katika suala hilo, mradi PAR ya buluu imefika.

Halaidi, tyubu au LED

Halaidi zilikuwa na uzuri wake. Nuru kutoka nukta moja kali hucheza juu ya mchanga kama mawimbi ya pwani, na matumbawe yalikua vizuri sana chini yake. Lakini joto! Balbu mbili za wati 250 hulazimisha wengi kununua mashine ya kupoza maji, ambayo nayo inakula umeme. Balbu zinachoka, rangi zinahama, na baada ya miezi 9 hadi 12 zinabadilishwa. Leo sioni sababu ya mtu anayeanza kuzinunua, na hata balbu zake zimekuwa adimu.

Tyubu za T5, nyembamba za milimita 16, bado zina wapenzi wagumu, na wana hoja. Tyubu inatoa nuru kwa urefu wake wote, na ukipanga nane juu ya tangi, kila tawi linapata nuru kutoka pande nyingi. Vivuli vinakuwa laini. Acropora iliyokua ikawa kichaka bado inapata nuru pembeni na chini kidogo. Ubaya ni kwamba nazo zinabadilishwa karibu kila mwaka, na zote nane kwa mara moja si pesa ndogo.

LED zimeshinda soko. Ziliwezekana kwa sababu ya LED ya buluu iliyotengenezwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Zinadumu miaka, hazipashi maji moto sana, na unaziendesha kwa programu ya simu. Tatizo lake ni mtawanyiko. Taa ndogo yenye lenzi kali inaweza kutoa PAR 600 katikati na 80 kwenye kona, na chini ya kila tawi kuna kivuli cheusi ambamo nyama inakufa polepole. Wengi waliolaumu LED kwamba haikuzi Acropora walinunua moja mahali pa mbili. Dawa ni kuzipandisha juu, kuongeza idadi, na kuziendesha kwa nguvu ndogo. Au kuchanganya: LED katikati na tyubu mbili au nne pembeni.

Yale maboksi meusi ya bei nafuu kutoka China yenye chaneli mbili, buluu na nyeupe, hukuza matumbawe sawasawa. Hasara yake ni feni zenye kelele na lenzi kali ambazo huunguza vipande vya juu kama mtu hakuzipunguza. Kama bajeti ni ndogo, chukua hilo na pesa inayobaki utafute kipimo cha PAR cha kuazima.

Tuchukue tangi la kawaida la sentimita 120 kwa 60 kwa 60, lenye matumbawe mchanganyiko. LED moja ya maana hufunika eneo la kama sentimita 60 kwa 60, kwa hiyo zinahitajika mbili, zikining'inia sentimita 20 hadi 25 juu ya maji. Tuseme kila moja ina wati 130 na zinaendeshwa kwa asilimia 60 kwa saa kumi: hapo ni karibu uniti 1.6 za umeme kwa siku. Tyubu nane za wati 54 kwa saa tisa zinakula uniti 3.9. Halaidi mbili za wati 250 kwa saa nane ni uniti 4, kabla ya kuhesabu mashine ya kupoza. Anayelipa umeme wa Nairobi au wa Ujerumani atafanya hesabu ya mwaka mzima mwenyewe, na hapo bei kubwa ya LED dukani inaanza kueleweka.

Na jua la bure je? Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza namna alivyofuga matumbawe na samaki wa baharini kwa mawe hai (mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake), mapovu ya hewa na jua la dirishani, wakati wenzake wa Ulaya walikuwa wanaua kila walichoweka tangini. Reef HQ, jumba la maonyesho ya viumbe wa bahari la Townsville, Australia, lililofunguliwa mwaka 1987, lilijengewa tangi la lita milioni 2.5 lililoachwa wazi chini ya anga. Kwa hiyo mtu wa Tanga au Muscat hajakosea akiwaza barazani kwake. Adui ni joto. Tangi dogo kwenye jua la mchana linavuka nyuzi 30 bila kukuaga, na matumbawe hayaipokei hali hiyo. Neti ya kivuli ya wakulima wa mboga, maji mengi, na jua la asubuhi badala ya la mchana hupunguza hatari. Ukuaji hautakuwa na kasoro, lakini rangi za kung'aa hutaziona kama chini ya buluu. Na kama wazo limekujia la kwenda kuvunja kipande mwambani, liache: matumbawe magumu yote yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na vipande vilivyofugwa ndivyo vinavyozoea tangi.

Kupima, kisha kungoja

Kipimo cha kweli cha PAR chenye kihisi cha chini ya maji ni ghali; majina yanayotajwa sana ni Apogee na LI-COR. Huna haja ya kukimiliki. Katika nchi ambazo ufugaji huu umeenea, maduka hukodisha na vikundi vya wafugaji huazimana. Jihadhari na baadhi ya vihisi vya zamani, ambavyo vilipima pungufu nuru ya buluu, kwa hiyo namba zake chini ya LED ni ndogo kuliko ukweli. Chora ramani ya mawe kwenye karatasi, pima juu, katikati na mchangani, kona zote nne, na uandike. Utashangaa jinsi sentimita kumi zinavyobadilisha namba. Kisha matumbawe yapangwe kwa kufuata ramani: Acropora kileleni chini ya taa, Euphyllia katikati, uyoga kwenye vivuli.

Ukishapima, kuna vitu vitatu vinavyobadilisha namba bila wewe kugusa taa. Chumvi inayorukia lenzi hujenga utando. Ifute kila wiki. Kifuniko cha kioo kichafu hula nuru. Na maji yenyewe hupata umanjano polepole kutokana na taka za viumbe, umanjano unaozuia hasa ile buluu. Ukiweka mkaa mwingi wa kuchujia kwa mara moja, maji yanang'aa ndani ya siku moja, na matumbawe yanapigwa na nuru ambayo hayakuizoea. Watu hupausha tangi zima hivyo na wasijue kilichotokea.

Taa mpya ianze kwa nusu ya nguvu unayolenga, ipande asilimia tano hadi kumi kwa wiki. Taa nyingi za LED zina mpango wa kuzoesha ndani ya programu yake, utumie. Anayetoka tyubu kwenda LED awe mwangalifu zaidi, kwa sababu jicho litamwambia tangi limekuwa na giza, ajazie, na siku ya kumi vilele vimepauka. Tumbawe linalopauka kuanzia juu, upande unaotazama taa, linalalamikia nuru. Linalokufa kutoka chini kwenda juu mara nyingi lina kivuli, mkondo mbaya au shida ya maji. Euphyllia iliyojikunja mchana na kufunguka jioni taa zikipungua imekwambia kila kitu. Discosoma iliyoinuka na kujirefusha inatafuta nuru. Kahawia si ugonjwa. Ongeza kidogo, ungoje wiki nne hadi sita ndipo uamue tena, maana mwani hujipanga upya kwa wiki, si kwa siku.

Limebaki suala la usiku. Wengi huacha buluu hafifu mpaka asubuhi na kuiita mbalamwezi, kwa sababu inapendeza. Mwezi wa kweli ni hafifu mno kuliko hizo, unapanda na kushuka kwa saa tofauti kila siku, na unapotea kabisa kabla ya kuandama. Matumbawe huusoma. Katika Jumba la Makumbusho la Horniman jijini London, Jamie Craggs na wenzake waliiga tangini mzunguko wa mwezi, macheo na machweo, na joto la misimu ya bahari halisi, na Acropora zao zikazaa humo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kwa kushirikiana nao, Florida Aquarium ilifanikiwa mwezi Agosti 2019 kuzalisha Dendrogyra cylindrus, tumbawe la Karibea lililokuwa linatoweka. Kama hujajiandaa kuiga mwezi kwa kiwango hicho, zima taa zote usiku.